Bei Aliyoambiwa Mke

Virgil Tackett hakuwahi kuiba hata sindano. Jambo hilo alipenda watu walijue, na alilisema mara nyingi kuliko mtu asiyeiba anavyohitaji kulisema. Kwa maelezo yake mwenyewe, kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu kuachana na pesa walizokwisha kuchoka nazo. Alishauza dawa ya kufukuza fuko bustanini ambayo fuko waliipenda sana. Alishauza viwanja vya makaburi vinavyotazama ziwa, na ziwa lenyewe lilikauka zamani kabla hata yeye hajazaliwa. Hakuna marehemu aliyerudi kulalamika.

Wazo lenyewe lilimjia asubuhi, mkahawani, katika mji wa Bixford, Oklahoma, wanaume wa mji wakiwa wamekaa meza ndefu wakila mikate yao laini iliyozama kwenye mchuzi mweupe. Kinyozi mmoja mzee alipangusa ndevu akasema, "Mimi sikiogopi kifo. Ninachoogopa ni kwamba nikishafukiwa, mke wangu ataziuza bastola zangu kwa bei niliyomwambia nilizinunulia."

Meza nzima ikaangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika, kila mwanamume akatazama sahani yake akifikiria kabati la nyumbani kwake.

Virgil naye alicheka, naye akanyamaza. Ila yeye uma wake ulibaki hewani.

Katika sehemu zile mtu anaweza kuwa mkweli mbele ya mchungaji, mbele ya hakimu, hata mbele ya mtoza kodi akibanwa sana. Lakini bei ya bastola haijawahi kufika kwenye sikio la mke ikiwa nzima. Mume akinunua kwa dola elfu moja, nyumbani anafika na maneno matamu: "Mia mbili na hamsini tu, mpenzi, ilikuwa kwenye punguzo." Desturi hiyo ina jina: bei ya mke. Kila mwanamume anaijua, na kila mwanamume anadhani wa kwake ndiye mke pekee asiyeijua.

Virgil aliijua kwa machungu. Nyumbani kwake, ndani ya sanduku la chuma ambalo ufunguo wake alilala nao, kulikuwa na bastola ya zamani aina ya rivolva, chuma chake kimenakshiwa majani na maua na mafundi waliokwisha kufa, mpini wake wa pembe. Aliinunua Tulsa kwenye mnada wa mali za tajiri mmoja, kwa dola elfu sita. Alimwambia mkewe, Oleta, kwamba ni tisini. Ilikuwa kwenye punguzo.

Na hizo elfu sita zilikuwa pesa za Oleta. Alizichanga miaka mingi kwa kupika shuleni ili waezue paa linalovuja waezeke jipya. Virgil alimweleza kwamba zimeliwa na giaboksi ya gari. Gari, maskini, halikuwa na tatizo lolote. Ikabidi Virgil aliendeshe wiki nzima akikwaruza gia makusudi ili lifanane na ushahidi. Paa likaendelea kuvuja, na ndoo ikakaa kando ya kitanda, upande wa Oleta.

Simsemi vibaya Virgil. Aliipenda ile rivolva mapenzi ya kweli. Mkewe akienda kazini aliitoa, akaipangusa, akaiambia maneno ambayo Oleta alikuwa hajayasikia tangu mwaka wa harusi.

Basi siku ile alirudi nyumbani mbio, akamkuta Oleta anamenya viazi.

"Mpenzi," akasema, "ungependa kuwa mjane?"

Oleta hakuinua macho. "Inategemea. Kuna kazi nyingi?"

"Siku moja tu. Jumamosi, kwenye maonyesho ya silaha. Sikiliza. Mwanamume akikutana na mchuuzi, akili yake inakuwa macho. Lakini mwonyeshe mjane amekaa peke yake na bastola za marehemu, halafu mjane aseme, 'Mume wangu aliniambia alinunua hii mia mbili.' Unajua mwanamume atafanya nini?"

"Atanionea huruma."

"Atazidisha mara nne! Kwa hesabu yake, mia mbili ya mke ni mia nane ya dunia. Atadhani anakupunja wewe. Atatoa pesa mbio mbio kabla hujashtuka, na hatarudi kulalamika, maana atasema nini? Kwamba alitaka kumwibia mjane akaibiwa yeye?"

Oleta akakitazama kiazi alichoshika. "Na bastola zenyewe?"

Virgil alishazipanga kichwani. Wilaya ya jirani kulikuwa na duka la rehani lenye kapu zima la bastola ambazo hata mwenye duka aliona haya kuziweka kwenye kioo cha mbele. Zilifinyangwa kwa madini laini yale yale wanayotengenezea vikombe vya mashindano ya shule. Ukifyatua mara ya kwanza inaitika, mara ya pili inanung'unika, mara ya tatu inaomba likizo. Virgil angezipaka mafuta, abadilishe mipini, na kila moja ailaze ndani ya soksi kuukuu ya kiume, kama wanavyofanya wenye kuzipenda.

"Watu wanaojua watagundua," akasema Oleta.

"Wanaojua ni wachache."

"Mmoja anatosha kuwaambia wengine." Akachukua kiazi kingine. "Pale mezani panatakiwa kitu kimoja cha kweli, Virgil. Mtu akikiona, atasema marehemu alikuwa na jicho, na hizi nyingine hatazipekua sana. Si una ile ya zamani yenye maua? Ya tisini?"

Virgil akaanza kuokota maganda. "Ile... hapana, ile ni... kuukuu."

"Ndiyo maana. Inapendeza. Kwani tisini ni pesa ya kuogopea?"

Sasa mwambie mtu huyu ajibu nini. Akisema haiwezi kutoka nyumbani, ataulizwa kwa nini. Akasema, polepole kama mtu anayeng'olewa jino, "Sawa. Lakini si ya kuuzwa. Ni chambo tu. Akiuliza mtu, mwambie ni ya kumbukumbu."

"Ya kumbukumbu," akakubali Oleta, na viazi vikaendelea kumenywa.

Jumamosi ukumbi wa maonyesho ya mifugo ulijaa. Harufu ya mafahali wa wiki iliyopita ilichanganyika na ya mafuta ya bunduki na soseji za kukaanga. Oleta aliketi nyuma ya meza iliyofunikwa shuka jeusi, na mbele yake picha ya marehemu: Virgil mwenyewe, kijana, na masharubu aliyokwisha kuyanyoa. Soksi zilipangwa kwa heshima. Katikati, juu ya kitambaa cha kijani, ikalala rivolva ya maua na kikaratasi chake: SI YA KUUZWA.

Virgil mwenyewe alizunguka huku na huku akiwa mtu baki, na soseji yake iliyovikwa unga wa mahindi kwenye kijiti. Kazi yake ilikuwa kumchochea mnunuzi anayesitasita. Pesa zote zilikaa kwa mjane, kama inavyostahili.

Wa kwanza kunasa alikuwa Clovis Haddock, muuza magodoro na shemasi wa kanisa. Clovis aliishi mtaa ambao wizi wa mwisho ulikuwa wa boga. Hata hivyo alikuwa amekesha kipupwe kizima akitazama watu kwenye kompyuta wakibishana bastola gani ya bei nafuu ina thamani zaidi, hadi akawa na maoni mengi zaidi kuhusu uzito wa kifyatulio kuliko aliyokuwa nayo kuhusu watoto wake. Alitaka kitu kizuri na hakutaka kukilipia. Tangu dunia iumbwe, wachuuzi wamejenga nyumba kwa watu wa namna hiyo.

"Pole sana, mama," akasema Clovis, kofia kifuani. "Ni nini kilimchukua?"

"Moyo," akajibu Oleta.

"Moyo," akarudia Clovis kwa huzuni, na mkono mwingine tayari umo ndani ya soksi. Akaitoa bastola, akaipima uzito, akaichungulia mtutu kwa jicho moja kama daktari wa masikio. Kisha akaiona ile ya maua kwenye kitambaa, na pumzi zikambana. Kumbe marehemu alikuwa anajua mambo! Akainama, akainua ile ya soksi mkononi mwake, akauliza kwa sauti ya upole mno, "Na hii ndogo... marehemu alikuambia aliinunua kiasi gani?"

"Mia mbili. Mimi mambo haya siyajui. Alisema mia mbili, nami nauza mia mbili. Sipendi kumpunja mtu."

Ungeiona roho ya Clovis ikicheza ngoma ndani ya koti. Lakini shemasi ni shemasi. "Mia na hamsini, mama? Nitakuombea."

Papo hapo mtu baki mmoja mwenye soseji akajitokeza begani kwake. "Samahani, hiyo umeshaichukua? Kama bado, mimi natoa mia mbili na ishirini."

"Ndugu, niko kwenye mazungumzo na mjane!"

"Mjane ana macho mawili, anaweza kututazama wote."

"Mia mbili na thelathini!" akafoka Clovis, akazitupa noti mezani na kuikumbatia soksi. Kisha, dhamiri ikimwasha kidogo, akataka kusema neno jema. "Bila shaka alikuwa mume mwema, mama."

Oleta akaitazama picha ya masharubu. "Alikuwa na maneno mengi. Nilichanga pesa za paa, akaniambia zimeliwa na gari. Nikaamini. Ukishaolewa na mtu ni lazima uamini kitu, la sivyo utakaa mezani na nani? Mvua ikinyesha nilikuwa nikiihamisha ndoo nusu usingizi, yeye akikoroma upande mkavu."

Soseji ikamkwama Virgil kooni, akakohoa hadi machozi. Akaondoka akijipiga kifua na kujisemea, "Mwanamke huyu! Kipaji gani hiki! Hata mimi nilitaka kulia." Alijivuna kweli. Hakuna mtu rahisi kudanganya kama mwongo anayesikia ukweli, maana huudhani kuwa kazi ya mwenzake.

Biashara ikashika moto. Soksi zikapungua moja baada ya nyingine. Wanaume wazima wenye mashamba na wajukuu waliinama mbele ya mjane, wakatoa pole, wakauliza lile swali moja, wakalipa haraka wakaondoka wakitembea kama wezi wa kuku. Virgil akaenda kujinunulia chai ya barafu kwa sarafu za mwisho mfukoni, akageuka kutazama ufalme wake.

Akaona kofia nyeupe.

Ilikuwa juu ya mzee mmoja mrefu, mtulivu, asiyegusa soksi hata moja. Alikuwa ameishika rivolva ya maua kwa mikono miwili, na aliishika vizuri, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Chai ikamwagika. Virgil akapenya kati ya watu.

"Emmett Lusk, wa Muskogee," mzee alikuwa akisema. "Na hii, bibi?"

"Hiyo ni ya kumbukumbu," akasema Oleta, na Virgil akashusha pumzi.

"Naiheshimu kumbukumbu. Marehemu alikuambia aliinunua kiasi gani?"

"Tisini."

"Nitakupa mara mbili. Mia na themanini, taslimu."

"Mara mbili?" Oleta akashika shavu. "Mara mbili kamili? Marehemu angefurahi. Maisha yake yote hajawahi kupata faida ya mara mbili."

"Mama!" Virgil alipaza sauti kuliko alivyokusudia. "Pameandikwa si ya kuuzwa!"

Oleta akainua macho, akamtazama kama anavyotazamwa mtu usiyemjua. "Kwani wewe ni nani, bwana?"

Ujia mzima ukageuka. Kila aliyekuwa amenunua soksi alinunua kwa sababu mwanamume wa kwenye picha amekufa. Akisema "mimi ndiye mumewe," atakuwa amefufuka mbele ya umati wa watu wenye hasira na bastola mpya. Faraja pekee ni kwamba nyingi zisingefyatuka.

"Mimi... mpita njia," akasema.

"Basi pita."

"Natoa mia mbili!"

Mzee Lusk akamgeukia bila haraka. "Unazo?"

Virgil akajipapasa. Mfukoni mlikuwa na kijiti cha soseji. "Ziko kwenye gari. Nipe dakika tano. Natoa mia tatu! Elfu!"

"Huyu huyu!" Clovis Haddock alitokea upande wa pili, soksi yake kifuani. "Huyu ndiye aliyenipandishia mimi bei! Elfu hana, ana kelele. Mwache mjane wa watu auze kwa amani, ibilisi wewe!" Akamshika mkono kwa nguvu za kubeba magodoro. Watu wakaguna kumuunga mkono. Hakuna kundi linalomtetea mjane kwa ukali kama kundi lililotoka kumpunja.

Basi Virgil Tackett akasimama pale, hai na mzima, akaona noti zikiwekwa juu ya shuka jeusi, akaona rivolva yake ikiviringishwa kwenye kitambaa cha kijani, akaona kofia nyeupe ikielea juu ya vichwa vya watu hadi mlangoni. Aliumia. Sitanii hapo, aliumia kama mtu aliyefiwa. Lakini marehemu hana haki ya kupiga kelele kwenye mazishi yake.

Walipokuwa njiani kurudi, Oleta alikuwa mchangamfu. Alishika pochi magotini, akampa Virgil pesa zote za soksi, zote kabisa, na za rivolva juu yake.

"Umeona? Tisini juu ya tisini! Nilikumbuka ulivyoniambia siku zote, faida ikijileta usiiulize inatoka wapi."

Virgil alikaza macho barabarani.

"Mbona umenuna? Najua nilisema ni ya kumbukumbu, lakini tisini, Virgil..." Kisha akauliza, taratibu, akitazama mashamba yanayopita, "Au ilikuwa zaidi ya tisini?"

Mlango ulikuwa wazi. Ningekuwa mimi ningepita, ningekiri, ningelia, ningelala kwenye banda la mbwa mwezi mmoja na mambo yangekwisha. Virgil akalitazama swali lile, na nyuma yake akaiona giaboksi, na nyuma ya giaboksi ndoo.

"Hapana," akasema. "Tisini."

"Basi tumshukuru Mungu," akasema Oleta.

Jumatano Virgil alitoka mjini akakuta lori mbele ya nyumba na wanaume juu ya paa, wanabomoa lile la zamani na kutupa vipande uani. Msimamizi wao alikuwa amesimama kwenye bustani akinywa kahawa kwenye kikombe cha Virgil.

"Nani amewaita nyie?"

"Mama mwenye nyumba. Tangu mwezi jana. Alisema tusubiri kwanza auze kitu kwenye maonyesho." Msimamizi akapuliza kahawa yake. "Ila hundi ni ya mzee Lusk wa Muskogee, walishapatana naye kabla. Imeshapita benki, usiwe na wasiwasi. Wewe ni jirani?"

Virgil akaingia jikoni. Oleta alikuwa amekaa, anamenya viazi.

"Oleta. Paa hili pesa umepata wapi?"

"Za ile bastola ya maua."

"Mia na themanini haziezeki hata banda la kuku!"

"Mafundi walikuwa na punguzo."

Juu yao nyundo zikaanza. Virgil akavuta kiti, akakaa mbele yake, akaitoa sauti yake nzuri kuliko zote, ile iliyouza makaburi. "Mpenzi wangu. Sisi ni mke na mume. Yule mzee alikupa kiasi gani? Niambie ukweli tu, sitakasirika."

Oleta akaweka kisu chini. Akamtazama usoni kwa muda mrefu, si kwa chuki, kama mtu anayetazama bei ya kitu ambacho alishakinunua zamani.

"Wewe ulinunua kwa tisini," akasema, "na mimi nikauza kwa mia na themanini. Ukipandisha yako, Virgil, na yangu itapanda. Haya, nikumbushe. Ulinunua kiasi gani?"

Virgil akafungua mdomo. Maneno yalikuwamo, yalikuwamo siku zote. Fundi mmoja akachungulia dirishani akauliza kama ile ndoo ya chumbani bado ina kazi.

"Itupe," akasema Oleta, bila kumwondolea mumewe macho.

"Tisini," akasema Virgil. Akavaa kofia, akatoka nje kuwashikia mafundi ngazi.